Kumchagulia mzazi mzee mahali pa kutunzwa Dar es Salaam: mwongozo kamili

Mzazi anapofikia hali ya kutoweza tena kuachwa peke yake mchana kutwa, familia nyingi za Dar es Salaam huanza kwa kuuliza atakaa kwa nani. Swali hilo huwatia ndugu katika mvutano wa heshima kabla hawajajua mzazi anahitaji kusaidiwa nini, saa ngapi, na mtu mwenye ujuzi gani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya watoto, wakwe na wajukuu waliobeba jukumu hilo, na msimamo wake ni mmoja: mahali pa kumtunzia mzazi papimwe kwa watu watakaomshika usiku na chooni. Jengo, bustani, na maneno ya ukoo huja baadaye sana.

Ni vizuri kuielewa hali ya nchi kabla ya kuanza kutafuta. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, inaiweka familia kuwa msingi wa matunzo yake, na inayachukulia makazi ya wazee kuwa njia ya mwisho. Ndiyo maana makazi yanayoendeshwa na Serikali, yakiwemo ya Nunge huko Kigamboni, yako kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Ikiwa unamfahamu mzee wa aina hiyo mtaani kwako, anzia ofisi ya serikali ya mtaa, nayo itakuelekeza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa. Familia nyingine zinabaki na njia nne: mzazi abaki kwake akiwa na msaidizi wa kulipwa, ahamie kwa mmoja wa watoto, azunguke kati ya watoto, au aende kwenye kituo cha binafsi au cha shirika la dini, ambavyo kwa jiji kubwa kama hili ni vichache mno. Kwa kuwa ni vichache, familia hushawishika kukubali cha kwanza kinachopatikana, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika zaidi.

Hatua ya kwanza: andika mahitaji ya mzazi kwa wiki nzima

Anayeishi na mzazi aweke daftari na aandike, kwa siku saba mfululizo, kila msaada anaoutoa na saa aliyoutoa. Wataalamu wa utunzaji wa wazee wamezoea kupima uwezo wa mtu kujitegemea kwa mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, kuzuia haja, na kula. Kwa kila jambo, andika kama mzazi analifanya mwenyewe, analifanya akisimamiwa, au anafanyiwa. Tofauti kati ya kusimamiwa na kufanyiwa ni kubwa, kwa sababu anayesimamiwa anahitaji tu mtu aliye karibu naye, ilhali anayefanyiwa anahitaji mtu mwenye nguvu na mbinu ya kumnyanyua bila kumuumiza wala kujiumiza mgongo.

Usiku uandikwe kwa uangalifu kuliko mchana. Je, anaamka mara ngapi kukojoa? Anapoamka, anajua yuko wapi? Amewahi kutoka nje na kupotea, au kuacha jiko la gesi likiwaka? Andika pia kila alipoanguka, hata kama hakuumia, kwa kuwa mzee aliyeanguka mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena. Daftari hilo litatumika katika kila hatua inayofuata: daktari atalihitaji, ndugu walio mbali watalisoma, na kituo chochote makini kitaomba taarifa za namna hiyo hiyo.

Hatua ya pili: mpeleke hospitali kabla ya kuamua

Mambo mengi yanayoitwa uzee yana tiba. Mtoto wa jicho humfanya mzee ajikwae na aogope kutembea, na upasuaji wake ni wa muda mfupi. Nta iliyoziba masikio humfanya aonekane hasikii wala haelewi. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumchanganya mzee ghafla, ndani ya siku moja au mbili, na familia ikadhani ni ugonjwa wa kusahau. Sonona nayo hufanana sana na kusahau, hasa kwa mjane au mgane. Zaidi ya hayo, mzee mwenye presha, kisukari na maumivu ya viungo mara nyingi hupewa dawa na madaktari tofauti wasiojuana, na dawa hizo zikikutana huleta kizunguzungu, usingizi na kuanguka. Kusanya dawa zote zilizomo ndani ya nyumba, zikiwemo za mitishamba na zile alizonunua mwenyewe duka la dawa, zitie kwenye mfuko mmoja, na umpelekee daktari mmoja azipitie zote kwa pamoja.

Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Mwananyamala na Temeke ni mahali pa kuanzia kwa familia nyingi. Mzee asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama katika vituo vya Serikali, na kitambulisho chake cha matibabu hupatikana kupitia halmashauri. Kama mzazi yumo kwenye bima ya mtoto aliyeajiriwa, hakikisha mapema kwamba kadi yake ni hai, na uulize ni vipimo na dawa gani bima hiyo haigharamii.

Mwombe daktari akueleze pia mwelekeo wa miaka miwili mitatu ijayo. Mzee anayepata nafuu baada ya kiharusi na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau unaoongezeka wanaweza leo kuhitaji msaada ule ule, lakini wa kwanza anahitaji mahali penye mazoezi ya viungo ili arudishe uwezo, na wa pili anahitaji mahali atakapoweza kukaa bila kuhamishwa tena hali itakapokuwa ngumu.

Hatua ya tatu: zungumza na mzazi mwenyewe

Ni makosa kumjulisha mzazi jambo ambalo watoto wamekwisha kuliamua. Ikiwa akili yake iko sawa, uamuzi ni wake, na ikiwa anasahau, bado ana mapenzi na hofu zinazostahili kusikilizwa. Mazungumzo haya yafanywe na yule ambaye mzazi humsikiliza, na yafanywe zaidi ya mara moja. Mara nyingi kazi hii hufaa zaidi kwa dada yake, mdogo wake au rafiki wa siku nyingi kuliko kwa mtoto, kwa kuwa mzazi huona aibu kumwambia mtoto kwamba anaogopa kuanguka bafuni. Usianze kwa kumweleza kuhusu kituo. Muulize siku yake ingekuwaje ikiwa nzuri: anataka kuamka saa ngapi, anaswali au kusali wapi, nani angependa awe anamtembelea, ni chakula gani hawezi kukikosa. Mama aliyelima maisha yake yote hawezi kutulia kwenye ghorofa ya nne ya Kariakoo, hata kama mtoto wake anampenda namna gani.

Watoto wengi wa Dar es Salaam huwaleta wazazi kutoka Bukoba, Rombo, Tukuyu au Masasi. Kumhamisha mzee aliyekulia kijijini ni kumtoa kwa majirani waliomjua miaka 60 na kumweka kati ya watu wasiojua jina lake, na hasara hiyo ipimwe kwa uzito ule ule wa faida ya kuwa karibu na hospitali kubwa. Wapo wazazi ambao wangetunzwa vizuri zaidi kijijini, na ndugu mmoja akalipwa vizuri na kwa uhakika kwa kazi hiyo, kuliko kuletwa mjini. Njia hiyo ifikiriwe kwa dhati kabla ya kukatiwa tiketi ya basi.

Hatua ya nne: kikao cha familia chenye maandishi

Itisheni kikao, na walio nje ya nchi washiriki kwa simu. Someni daftari kwanza, kisha taarifa ya daktari, kisha maneno ya mzazi, na baada ya hapo ndipo mjadili mahali. Katika familia nyingi kazi ya mikono humwangukia binti mmoja au mkwe mmoja wa kike, na wengine hutuma fedha wakaona wamemaliza. Kutuma fedha ni mchango wa kweli, lakini hakumpi anayetuma haki ya kuamua kila kitu, wala hakumpi anayemwogesha mzazi siku ya mapumziko. Kwa hiyo gaweni mambo matatu kwa maandishi: nani anatoa kiasi gani na tarehe gani, nani anatoa muda wake na siku zipi, na nani ndiye msemaji wa familia kwa daktari na kwa kituo. Msemaji awe mmoja, na jina la msaidizi wake liandikwe pia.

Mambo ya mali yatengwe na kikao hiki. Ikiwa mzazi anataka kumpa mtu mamlaka ya kushughulikia akaunti, kodi za nyumba au pensheni yake, hati ya uwakilishi iandikwe kwa wakili wakati akili yake bado iko sawa, kwa kuwa asiyeelewa anachokisaini hawezi kuifanya hati hiyo baadaye. Mstaafu ahakikishe pia kwamba kuhama kwake hakutamfanya akose uhakiki wa wastaafu na pensheni ikasimama.

Hatua ya tano: piga hesabu ya kweli ya kila njia

Hapa ndipo familia nyingi hujidanganya. Kumtunza nyumbani huonekana rahisi kwa sababu kazi inayofanyika bila malipo haihesabiwi. Chukua mfano wa mzazi asiyeweza kuachwa peke yake kabisa. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na inamtaka mwajiri atoe mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Gawanya 168 kwa 45 utaona kwamba uangalizi wa saa zote ni kazi ya karibu watu wanne. Dada mmoja wa kazi, ambaye pia anapika, anafua na kuwapeleka watoto shule, hawezi kuifanya. Atasinzia, atachoka, atakuwa mkali kwa mzee, na hatimaye ataondoka, na lawama atatupiwa yeye ingawa mpango ndio ulikuwa hauwezekani. Familia inayochagua njia ya nyumbani ihesabu saa ambazo wanafamilia wenyewe watashika zamu, izipangie majina, na iajiri watu wa kuziba saa zilizobaki.

Ongeza gharama zinazosahauliwa. Mzee anayetumia pampasi nne kwa siku anahitaji 120 kwa mwezi. Kuna dawa, glavu, sabuni, maji ya ziada ya kufulia mashuka, umeme wa feni usiku kucha, na usafiri wa taksi kwenda kliniki kwa mtu asiyeweza tena kupanda daladala wala mwendokasi. Kuna matengenezo ya nyumba: choo cha kukaa badala ya cha kuchuchumaa, vishikio vya chuma ukutani bafuni, sakafu isiyoteleza, na mteremko badala ya ngazi. Kwa kiti mwendo, mteremko unaofaa huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, kwa hiyo kibaraza chenye kimo cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6, na si kila uwanja wa Sinza au Manzese una nafasi hiyo. Baada ya kujumlisha yote, linganisha na ada ya kituo pamoja na vitu ambavyo ada hiyo haivigusi. Wakati mwingine nyumbani ni nafuu, wakati mwingine sivyo, na ni bora kujua kabla ya kuanza.

Kuhusu kumzungusha mzazi kati ya watoto, mwezi kwa huyu na mwezi kwa yule, nasema wazi kwamba haifai kwa mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau. Kila nyumba mpya humfanya asijue choo kiko upande gani na mlango ni upi, na kuchanganyikiwa kwake huongezeka. Kwa mzazi mwenye akili timamu anayependa kuona wajukuu wote, njia hiyo inaweza kuwa ya furaha, mradi dawa zake na daktari wake visibadilike kila anapohama.

Hatua ya sita: thibitisha uhalali wa kituo

Ukishapata jina la kituo, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kilipo, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, umuulize kama anakifahamu, kama kimesajiliwa, na ni lini kilikaguliwa mara ya mwisho. Kituoni omba uoneshwe cheti cha usajili chenyewe. Anayetambulishwa kuwa muuguzi anapaswa kuwa na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania iliyo hai, na kuomba kuiona si kumvunjia heshima. Kisha zungumza na mwenyekiti wa mtaa na majirani, kwa sababu majirani husikia yanayotokea usiku.

Angalia pia mahali kilipo. Kigamboni kuna upepo na utulivu, lakini fikiria saa nane usiku mzazi akihitaji kufikishwa Muhimbili au katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete: kivuko cha Magogoni kina ratiba na foleni zake, na njia ya Daraja la Nyerere inazungukia Kurasini. Vivyo hivyo kwa Mbezi ya Kimara au Bunju katika saa za msongamano. Endesha gari mwenyewe kutoka kituoni hadi hospitali kwa saa mbili tofauti, ya usiku na ya jioni, ili ujue muda wake. Na kama eneo liko bondeni, ulizia hali ya barabara wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maana nyumba iliyozingirwa na maji haifikiwi na gari la wagonjwa.

Hatua ya saba: tembelea, tena bila taarifa

Ziara ya kwanza iwe ya miadi, na uongozi ukutembeze. Ziara za pili na tatu ziwe za ghafla, moja saa ya chakula cha mchana na nyingine baada ya magharibi. Kituo kinachokataa kabisa ndugu kuingia bila taarifa mchana kimekwisha kukujibu.

Anza na pua. Harufu ya mkojo kwenye chumba kimoja wakati wa kubadilisha mashuka ni jambo la kawaida, lakini harufu iliyokaa kwenye korido, kwenye magodoro na kwenye nguo za wazee inaonyesha kwamba hawabadilishwi kwa wakati. Harufu kali ya dawa ya kusafishia iliyomwagwa dakika chache kabla hujafika nayo iulizie. Kisha tazama kucha za wazee, midomo yao, na macho. Kucha ndefu zenye uchafu na midomo iliyopasuka kwa kiu hueleza mengi kuliko maelezo ya mkurugenzi. Joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi ni hatari kwa mzee, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyoongezeka, kwa hiyo haitoshi maji kuwepo mezani. Uliza ni nani anayemnywesha asiyeweza kushika kikombe, na mara ngapi kwa siku.

Sikiliza jinsi wahudumu wanavyosema na wazee. Mhudumu anayemwamkia mzee shikamoo kabla ya kumshika, anayemwita Bibi, Babu, au kwa jina analopenda kuitwa, na anayemweleza anachotaka kumfanyia, ni mtu ambaye unaweza kumwachia mama yako. Anayemfunua mzee mbele ya wageni, au anayemwongelea mbele yake kana kwamba hasikii, hafai hata kama ana vyeti. Uliza mama anaogeshwa na nani. Wanawake wengi wa umri huo hawawezi kukubali kuogeshwa na mwanamume, na wazee wa kiume wengi huona tabu kuogeshwa na binti wa umri wa mjukuu wao. Kituo kinachosema kwamba jambo hilo halina umuhimu hakijaelewa kazi yake.

Swali lililo zito kuliko yote ni idadi ya wahudumu wa usiku. Fanya hesabu hii mbele ya mkuu wa kituo. Tuseme kuna wazee 20, na 10 kati yao hawawezi kujigeuza kitandani. Utaratibu uliozoeleka wodini ni kumgeuza mgonjwa wa aina hiyo kila baada ya saa mbili, ili damu ifike kwenye mfupa wa mkia, nyonga na visigino, mahali ambapo vidonda vya kulalia huanzia. Katika usiku wenye urefu wa saa nane hiyo ni mizunguko minne, yaani kugeuza mara 40. Ukiweka dakika 10 kwa kila mara, pamoja na kubadilisha pampasi, unapata dakika 400, karibu saa saba, na mzee mzito huhitaji watu wawili. Mhudumu mmoja wa zamu ya usiku kwa wazee 20 hana muda wa kumsikiliza anayeita, na kituo chenye mpango huo kitakuwa na vidonda. Omba kuona kitabu cha zamu, si kusimuliwa. Uliza pia, moja kwa moja, ni wazee wangapi wana vidonda hivi sasa, na vilianzia wapi.

Kuhusu dawa, kila mzee awe na karatasi yake inayoonyesha dawa, kipimo, saa, na saini ya aliyempa. Chagua karatasi moja bila kuchaguliwa, uone kama ya leo imejazwa hadi saa hii, au kama imejazwa tayari hadi jioni. Uliza nani anapima sukari na presha, na nani ana mamlaka ya kuamua mzee apelekwe hospitali usiku bila kumsubiri mkurugenzi. Dawa za kulaza zina matumizi yake, lakini ukikuta wazee wote wamelala saa nne asubuhi, uliza kwa nini.

Jikoni, angalia kama kuna chakula laini kwa wasio na meno: uji mzito, wali uliopikwa ukalainika, samaki aliyetolewa miiba, mboga iliyokatwa ndogo. Mzee aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na maji yenyewe, na mhudumu wake anapaswa kujua kumketisha wima wakati wa kula na kumwacha ameketi kama nusu saa baada ya kula. Mwislamu ahakikishiwe chakula cha halali, maji ya udhu na mahali pa kuswali, na wakati wa Ramadhani kuwe na utaratibu wa kumshauri kwa upole mwenye kisukari kuhusu kufunga, pamoja na daktari na imamu wake. Mkristo aulizie padri au mchungaji huja lini. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau kuna jambo jingine ambalo familia hulikosa: lugha aliyojifunza utotoni mara nyingi hubaki wakati Kiswahili kinapomtoka, na mama wa Kihaya au wa Kinyakyusa anaweza kukaa siku nzima bila mtu anayemwelewa. Uliza kama kuna mhudumu hata mmoja anayeijua lugha yake. Kama hayupo, ndugu wanaoijua wapangiwe siku za kumtembelea au kumpigia simu.

Maji, umeme na usalama havihitaji maneno mengi. Kuwe na tanki la akiba, jenereta au umeme wa jua unaotosha feni na taa za usiku, milango yenye upana wa kupitisha kiti mwendo, na geti ambalo mzee anayetangatanga hawezi kulifungua lakini wahudumu wanaweza kulifungua mara moja moto ukitokea.

Hatua ya nane: soma mkataba wote

Mkataba uwe wa maandishi na kwa Kiswahili ambacho msemaji wa familia anakielewa. Utaje ada, vinavyojumuishwa na visivyojumuishwa, ada inaweza kupanda mara ngapi na kwa notisi ya muda gani, nani hulipa na nani hukaa na mzee akilazwa hospitali, na kama ada inaendelea kulipwa wakati yuko wodini. Utaje kinachofanyika fedha zilizotangulizwa mzee akihama au akifariki katikati ya mwezi. Jambo la kifo lisikwepwe: kituo kiwe na namba za simu za ndugu watatu watakaopatikana saa yoyote, na maelekezo ya mazishi, hasa kwa familia za Kiislamu ambazo huzika bila kuchelewa, na kwa familia zitakazosafirisha mwili kwenda mkoani. Malipo yafanywe kwenye akaunti ya kituo na yawe na risiti. Kutuma ada kwa namba ya simu ya mtu binafsi kusikubaliwe, hata kama ni mwenye kituo.

Omba kipindi cha majaribio cha mwezi mmoja, chenye haki ya kuondoka bila adhabu. Ni muda mfupi, lakini unatosha kuona usingizi wake, hamu yake ya kula na jinsi anavyowaongelea wahudumu.

Hatua ya tisa: kuhama na wiki za mwanzo

Mhamishe asubuhi, si jioni, kwa kuwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau huzidiwa na wasiwasi jua linapozama. Aende na mto wake, khanga au shuka lake, picha za familia, redio, tasbihi au rozari, miwani, meno ya bandia na fimbo, vyote vikiwa na jina lake. Mwachie muuguzi orodha ya dawa iliyosainiwa na daktari, na karatasi moja inayoeleza mzazi ni nani: alifanya kazi gani, anapenda kuitwaje, anaogopa nini, hutulizwa na nini. Usimdanganye kwamba anakwenda matembezini na atarudi jioni.

Vipo vituo vinavyoshauri familia isije kwa wiki kadhaa ili mzee azoee. Sikubaliani na ushauri huo. Mzee aliyetengwa na watu wake katika siku zake ngumu hujiona ametupwa, na jeraha hilo huchelewa kupona. Nendeni mara nyingi, kwa muda mfupi, kwa zamu, na kwa saa zisizotabirika.

Baada ya hapo, fuatilieni kwa vipimo. Apimwe uzito kila mwezi na uandikwe: mzee wa kilo 60 akipungua kilo tatu ndani ya mwezi mmoja bila sababu inayojulikana, amepoteza asilimia 5, na anapaswa kuonwa na daktari. Kila mkimtembelea, mtazameni visigino na sehemu ya chini ya mgongo, ngozi ikiwa nyekundu na haibadiliki unapoibonyeza kwa kidole, kidonda kimeanza. Michubuko mikononi na mapajani iulizwe siku hiyo hiyo, na jibu liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa. Mzazi akianza kunyamaza mhudumu fulani anapoingia, lichukulieni hilo kuwa ni taarifa, hata kama hawezi kueleza.

Malalamiko yaanzie kwa mkuu wa kituo kwa maandishi na yapewe siku za kujibiwa. Yasipojibiwa, au ikiwa ni suala la kupigwa, kufungwa kitandani, kunyimwa chakula au kuibiwa, yapelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Polisi bila kusubiri kikao cha ndugu, na mzazi aondolewe kwanza. Mkimwondoa, chukueni karatasi zake za dawa, kumbukumbu za uzito na vyeti vya hospitali siku hiyo hiyo, pigeni picha za majeraha yoyote, na mpitisheni hospitali apimwe kabla ya kumfikisha mahali papya.